Kinanda cha Nobu, Laptopu ya Mwalimu

Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na chunusi.

Msicheke. Tangu darasa la sita hadi juzi nilipomaliza kidato cha nne, mimi ndiye niliyekuwa mpiga kinanda wa kikundi chetu, harusini na kanisani, Garsen, Kulesa, Hewani, popote palipofikika mto usipofurika. Sasa naenda chuoni Mombasa, na kazi nawaachia nyinyi wadogo zangu. Siku ya kuniaga niliambiwa nisimame niwape nasaha. Nikasimama. Nikaona macho. Nikasema, "Asanteni," nikaketi. Mkanipigia makofi ya huruma, nami nikatamani ardhi ipasuke. Basi nasaha zenyewe ndizo hizi. Mdomo hunisaliti, lakini kalamu tunaelewana.

Na kuna swali la Maro. Maro, uliniandikia kwenye simu: "Sista, hii kitu ya mjomba ni ya kizamani. Haina hata memori. Kuna msee Malindi anataka tubadilishane na laptopu. Tukubali?" Sikukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Ni vile mimi hufikiri polepole, kama mtumbwi unaokwea mto kutoka Kau. Jibu lako limo humu ndani, lakini usirukie mwisho. Nakujua.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wengine wenu mmekiona tu kikiwa kikapuni. Ni kinanda kidogo cha analogi, sintesaiza. Chaingia ndani ya kikapu cha ukindu na nafasi ya chupa ya chai ikabaki. Vibao vyake ni vyembamba. Mtu wa vidole vinene hubonyeza viwili akidhani ni kimoja. Juu ya vibao kuna nobu, vile vidude vya kuzungusha, safu kwa safu. Hakina kioo. Hakina sauti ya piano, wala ya filimbi, wala ile ngoma ya kubonyeza mara moja ikajipiga yenyewe huku wewe unakula pilau. Ndani yake ni umeme tu unaotetemeka, na wewe ndiye unayeutetemesha.

Aliyekileta ni Mjomba Jillo, ndugu wa mama yangu, mwanzilishi wa kikundi. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu na fundi wa spika. Alikwenda Mombasa na spika mbili kwa fundi wa redio kutafuta waya, akarudi bila spika na akiwa na kikapu. Mkewe, Aunti Mariamu, alikaa bila kumsemesha mpaka ugali ukaiva.

"Umebadilisha spika mbili nzima na hiki kibaniko cha mkate?" akasema mwishowe.

"Kina mdomo," mjomba akajibu.

Akaniita. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango kama kawaida yangu. Akaushika mkono wangu akauweka kwenye nobu kubwa ya katikati. "Hii ndiyo mdomo, mpwa wangu. Ukiifunga, sauti iko ndani ya blanketi. Ukiifungua, imetoka uani inatafuta watu. Zile nyingine zote utazijua baadaye. Shika mdomo kwanza."

Vitabuni huitwa chujio, kwa sababu huchuja ukali wa sauti kama chujio la chai linavyozuia majani. Lakini mpaka leo nikiishika nasema mdomo.

Kosa langu la kwanza mtalifanya na nyinyi, kwa hivyo nawaambia mapema. Kanisani kuna kinanda kikubwa cha kawaida, na mimi nilikuwa nimezoea kubonyeza vibao vitatu pamoja. Nikabonyeza vitatu. Ikatoka sauti moja. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Moja. Nikasema kimeharibika, nikaanza kulia, maana nilidhani ni mimi niliyekiharibu. Mjomba akacheka hadi akashika ukuta. Kinanda hiki huimba noti moja kwa wakati, kama akina mama kwenye bomba la maji: mmoja akishajaza ndipo mwingine asogee. Kwa hivyo usikitafutie utajiri. Kipe wimbo mmoja, kipe besi, halafu waachie waimbaji yaliyobaki. Waimbaji wanayo midomo yao.

Besi nayo, lo! Mara ya kwanza tuliijaribu karibu na soko la Garsen, siku akina mama Waorma wanaleta maziwa. Mjomba alitaka kujua sauti inafika wapi. Nikabonyeza kibao cha mwisho kushoto, yeye akafunga mdomo wa kinanda, akaufungua kidogo kidogo. Mmmmmuuuu. Ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara wakasimama. Wote. Wakageuza vichwa. Mchungaji wao, mzee mmoja mrefu mwenye fimbo mabegani, akaja mpaka kwenye spika akaitazama kwa makini.

"Hii ng'ombe yenu," akasema, "iko na gonjwa ya tumbo."

"Tumpe dawa gani, mzee?" mjomba akamuuliza.

"Peana maji. Halafu funga."

Tukafunga. Lakini sijawahi kupata hakimu wa besi bora kuliko ng'ombe wale. Mkitaka kujua kama spika yenu imekaa sawa, msiwaulize watu, watu wana adabu.

Kuhusu memori, Maro, sema kweli tu: hakina. Ukishapata sauti nzuri, hakuna mahali pa kuihifadhi. Kulesa, kwenye harusi, nilipata sauti tamu wakati wa mazoezi ya asubuhi, ya upole kama mtu anayeimba akiwa amefumba macho. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, watoto walikuwa wamezungusha kila kilichozunguka. Bwana harusi akaingia kwa sauti ya pikipiki iliyokwama matopeni. Wazee wakadhani ndiyo mtindo wa kisasa, wakanyamaza. Tangu siku hiyo nimetia vitone vya rangi ya kucha ubavuni mwa kila nobu: vyekundu ni vya harusi, vyeupe vya kanisa. Vikibanduka mvirudishie. Na hiyo ndiyo memori yake. Chupa ya rangi imo mfukoni mwa kikapu, msijipake.

Sasa joto. Mnalijua joto letu. Kinanda hiki kikipata joto hupandisha sauti yenyewe, polepole, bila kukuaga. Unaanza ukiwa sawa na kwaya, ukifika ubeti wa tatu uko juu yao, watu wananyoosha shingo kukufuata kama kuku wanaokunywa maji. Mimi nikatumia akili ya nyumbani. Kwetu dumu la maji huvikwa gunia lililoloweshwa, likawekwa penye upepo, na maji yakawa baridi. Nikakivika kinanda gunia lililoloweshwa.

Nyamazeni. Ninyi pia mngefanya hivyo.

Kikakohoa, kikalia kama paka, kikazima. Mjomba alikifungua, akakianika vipande vipande juu ya mkeka kama samaki, akaniweka mimi nifukuze kuku. Hakunigombeza. Jioni alipokifunga kikalia tena, ndipo akaniambia: "Usikipoze. Kiwashe mapema, kiache kichoke na joto hilo hilo la mahali mtakapopiga. Kikishachoka hakiwezi tena kukimbia. Hapo ndipo ukiweke sawa." Shikeni hilo kuliko yote niliyoandika hapa.

Mpinzani wa kinanda hiki ni Mwalimu Komora, ambaye mnamjua kwa hisabati na kwa kwaya. Ana laptopu, na ndani ya laptopu ana programu yenye vinanda vyote vya dunia. Si mtu wa kujigamba, lakini ile laptopu huifuta vumbi kwa leso ya hariri. Alipomwona mjomba na kikapu chake mara ya kwanza alitabasamu.

"Mzee Jillo, hiki kisanduku chako ninacho humu ndani. Hebu tazama. Picha ile ile, nobu zile zile."

"Nazishikaje?"

"Unazivuta na kipanya."

"Panya wamenimalizia mpunga ghalani. Sasa niwape na muziki?"

Walibishana hivyo miaka, nami katikati nikiunganisha waya. Mwalimu alisema sauti ni sauti: ikiwa masikio hayawezi kutofautisha, hakuna tofauti. Mjomba alisema sauti ya kinanda chake ina nyama. Siku moja mwalimu akaleta mtihani. Akina mama wa kwaya wakageuzwa waelekee ukutani, mimi nikapiga wimbo mmoja mara mbili, mara kwa kinanda, mara kwa programu, wao waseme kipi ni kipi. Aunti Mariamu akajibu kwa niaba ya wote, bila kusita: "Ya pili ndiyo ya Jillo. Hiyo ina nyama."

Ya pili ilikuwa laptopu.

Mwalimu hakucheka, ana heshima. Mjomba alijikuna kidevu, akasema, "Haya, sikio limeshindwa. Bado mkono." Tukadhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, nilianza kupenda laptopu. Haipandi kwa joto. Inakumbuka. Hupiga noti kumi pamoja. Nilijifunza mengi humo kuliko kwenye kikapu, na yeyote atakayewaambia kwamba programu ni ya wavivu, mwambieni aje azungumze na mimi. Au mwambieni aniandikie.

Kisha mjomba akapatwa na kiharusi.

Sitaandika siku yenyewe. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia ukiwa umelala, mkono umelala, na sauti imekwenda. Ile sauti iliyokuwa ikitoka kanisani ikamfikia mtu aliye shambani ng'ambo ya mto. Alibaki na "aa" moja, nzito, ambayo ilibidi tuikisie: aa ya maji, aa ya hapana, aa ya mpeni mgeni kiti. Akili ilikuwa yote. Mizaha pia yote, ila sasa ilitokea machoni.

Mwalimu Komora ndiye aliyekuwa wa kwanza kufikiria muziki. Alimwekea kwenye simu kinanda cha kugusa, akampa. Mkono wa kushoto wa mjomba ulikuwa mzima lakini ulitetemeka, na hakuwahi kuutumia kwa kazi nyororo. Kidole kiliteleza kwenye kioo. Akitaka noti moja, zinalia tano. Akivuta sauti juu, yaruka mpaka mwisho kisha yapotea. Kioo hakijui kutofautisha kutetemeka na kutaka. Alijaribu siku mbili tatu, akairudisha simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokipenda.

Na harusi ya Habuya ilikuwa inakaribia. Habuya ni binti wa mjomba na Aunti Mariamu, wa pekee, tumelala kitanda kimoja utoto wote tukipigana mateke. Sasa nawaelezeni jambo ambalo wengine wenu hamlijui, maana si kila ukoo unalo. Katika ukoo wa mjomba, binti hatoki mlangoni siku ya harusi mpaka baba yake amwite kwa wimbo, kwa jina lake. Naye binti hujifanya hakusikia. Baba anaita, wanawake walioko ndani wanajibu, "Hakusikia!" Anaita tena kwa nguvu zaidi. "Hakusikia!" Huko nje watu wanacheka, baba anatoka jasho, na kila anavyorudishwa ndivyo watu wanavyojua binti alivyopendwa nyumbani. Baba wa binti akiwa marehemu, ndipo baba mdogo huita badala yake.

Baba mdogo alikuwepo, na alikuwa tayari. Lakini nani angemwambia aite, na mjomba ameketi pale pale kwenye kiti?

"Tuliache tu," Habuya aliniambia tukichambua mchele. "Nitatoka kimya kimya."

"Utaweza?"

Alichambua mchele ule ule mara mbili. "Siwezi," akasema.

Mwalimu Komora akaja na suluhisho, na nawaomba msimhukumu, lilikuwa suluhisho la mtu mwenye mapenzi. Kwenye laptopu alikuwa na mazoezi yetu ya zamani, na humo mlikuwa na sauti ya mjomba. Akaketi akaikata, akaisafisha, akaipanga. Wimbo wa kuita aliupata kwenye harusi ya binti mwingine. Jina la Habuya alilipata mahali ambapo mjomba, katikati ya mazoezi, alimpigia binti kelele alete maji ya kunywa. Akaunganisha. Alasiri moja akaja Hewani, nyumbani kwa mjomba, na spika, tukakusanyika sebuleni, mjomba kwenye kiti chake, Aunti Mariamu kwenye mkeka.

Akabonyeza.

Ilikuwa yeye. Si mfano wake. Ni yeye, na kifua chake chote, na kale kamkwaruzo ka mwisho wa mstari. *Habuyaaa.* Aunti akaziba mdomo kwa leso. Habuya akainama. "Ni yeye," aunti akawa anasema, "jamani ni yeye kabisa, rudisha, mwalimu, rudisha tena."

Mwalimu akarudisha. Mimi nilikuwa namtazama mjomba. Aliitazama spika. Akamtazama mkewe anayelia. Kisha akashuka kitini, taratibu, akijishikilia kwa mkono wa kushoto. Tukadhani anaanguka, tukakimbia, akatusukuma. Akajilaza chali kwenye mkeka. Akauchukua mkono wake wa kulia uliolala akauweka kifuani, wa kushoto juu yake. Akanyoosha miguu. Akafumba macho.

Spika ikaendelea kuimba.

Mnajua kwetu mwimbaji akifa huwekwa rekodi ya sauti yake matangani, watu wailie.

"Jillo!" aunti akapiga kelele. "Inuka! Jillo, inuka hapo, sitaki mchezo huo!"

Mjomba akafungua jicho moja. Akamtazama mwalimu kwa jicho hilo moja, mpaka mwalimu akaifunga laptopu.

"Nimeelewa, mzee," akasema. "Nisamehe. Nimeelewa."

Ndipo aunti akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akimpiga mumewe kwa ncha ya leso, naye mjomba chini pale akitoa "aa, aa," ambayo kwa mara ya kwanza sote tuliielewa. Alipoinuliwa, akanyoosha kidole kwenye kona. Kikapu.

Nikakitoa kinanda, nikafuta vumbi, nikakiunganisha. Hakuangalia vibao hata kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikwenda moja kwa moja kwenye ile nobu kubwa ukaifumbata. Nami nikaona kitu ambacho sikukiona kwenye kioo cha simu: mkono ulipata mahali pa kupumzika. Nobu ina uzito wake, inakataa kidogo. Kutetemeka kwake kote kukaishia pale, na kilichopita kikawa kile alichokitaka. Nikabonyeza noti moja nikaishikilia. Akaufungua mdomo, akaufunga. Aaa-u. Akaufungua tena, na kale katetemeko kadogo kalikosalia kakaingia ndani ya sauti, ikawa kama sauti ya mtu aliyejaa.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Ha, chini. Bu, juu. Ya, katikati. Vibao vyangu, mdomo wake. Mwanzoni nilikuwa namkimbiza. Mimi nimeshafika Ya, yeye bado anaifungua Bu. Akawa ananigonga kiwiko. Ilibidi niache kuhesabu, nitazame mishipa ya mkono wake, nibonyeze pale inapojitokeza. Hilo hakuna anayeweza kuwafundisha, mkilihitaji litakuja.

Maro, jibu lako ni hili. Laptopu itafuteni. Mwalimu atawaelekeza, na hamtajuta, kwa kwaya ni bora na kwa kurekodi ni bora. Lakini kinanda si cha kubadilishana, na nitakwambia kilichotokea siku yenyewe ili usiniulize tena.

Nilikiwasha asubuhi nikakiweka dirishani penye jua kichoke. Mwalimu Komora mwenyewe alikipima kwa laptopu yake, kibao kwa kibao, akiniambia, "Chini kidogo, chini, hapo." Akabeba spika akaiweka mbele ya mlango. Meza ikawekwa mbele pia, kwa sababu mjomba lazima aonekane. Maana yake na mimi nionekane. Mimi, ambaye nilichagua kinanda kwa sababu mpiga kinanda hukaa nyuma ya spika! Uwanja ulijaa, watu wa Garsen, watu wa Kulesa, jamaa wa bwana harusi na mashati yao mapya. Mjomba alikuwa amevaa kanzu, akanitazama, akaniwekea mkono begani kidogo, akaurudisha kwenye nobu.

Kabla ya hapo aunti alikuwa ameingia ndani akawaonya wanawake. Nilimsikia kupitia dirishani: "Leo akiita mara moja, basi. Mtu asiseme hakusikia. Mgonjwa hachezewi. Anaita, binti anatoka."

Mishipa ikajitokeza. Nikabonyeza.

Ha. Bu. Ya.

Sauti ikatoka ikapita juu ya vichwa, nzito, imefungwafungwa, kama mtu anayeita akiwa na kitambaa mdomoni. Watu wakanyamaza. Si ukimya wa harusi, ni ule wa hospitali. Ndani hakuna aliyejibu, kama walivyoagizwa. Nikaona mlango unatikisika, anatoka, na nikaona uso wa mjomba. Alikuwa anasubiri arudishwe. Hakuna aliyemrudisha. Bega lake likaanza kushuka.

Mlango ukasimama.

"Sijasikia!"

Ilikuwa sauti ya Habuya mwenyewe. Bibi harusi hasemi, ni mwiko, huko ndani nikasikia mtu amepigwa kikofi cha kunyamazishwa. "Niacheni. Sijasikia! Kwani kuna mtu anaita?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bega la mjomba likapanda. Nusu ya uso wake iliyoweza kutabasamu ikatabasamu, akanigonga kiwiko kwa nguvu ikaniuma. Tena. Akaufungua mdomo wa kinanda zaidi, Ha, Bu, Ya, ikatoka ikiwa na meno sasa.

"Sijasikia, baba! Umekula kweli leo?"

"Hakusikia!" wanawake wote ndani wakapokea, agizo la aunti limekufa. "Hakusikia huyu! Hakusikia!" Aunti mwenyewe, naapa, nilimsikia akiwa wa juu kuliko wote.

Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu, mbele ya watu wote, kama baba yeyote wa ukoo ule. Akaizungusha nobu hadi mwisho wake, mpaka ikakataa. Mabati yakatetemeka. Mimi nilikishikilia kibao cha mwisho kidole kikafa ganzi, sikuachilia, kwa sababu mkono wake haukuachilia. Na waimbaji wakaingia chini ya noti ile bila kuambiwa, kama walivyokuwa wakiingia chini ya sauti yake miaka yote.

Mlango ukafunguliwa. Habuya akatoka, hina mpaka kwenye kiwiko, shela imekaa upande, akaja moja kwa moja hadi mezani, akasimama mbele ya baba yake, karibu kiasi kwamba kanzu ililowa machozi yake. Wimbo ukaisha. Watu wakaanza vigelegele.

Mjomba akanyanyua mkono, wakanyamaza. Akanigonga kiwiko, pole pole safari hii. Nikaelewa. Akaufunga mdomo mpaka ukabaki upenyo tu, na tukamwita mara moja zaidi, kwa sauti ndogo ya ndani ya nyumba, ingawa alikuwa amesimama pale pale.

"Abee, baba," Habuya akaitika.